Rufiji walishahama, kilichobaki bondeni ni shamba

Mhariri,

Mvua za masika zikishachanganya, hapa Dar hukosi kusikia kwenye daladala kwamba watu wa Rufiji nao wamezidi: kwa nini hawalihami bonde la mto linalofurika? Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, hadi Aprili 2024 nilipopanda ndege ndogo ya injini moja kwenda Kilwa Masoko, msibani.

Tulipoipita Kibiti wingu likafunguka. Nilidhani tumeshatokea baharini. Kumbe ni mashamba! Maji ya rangi ya chai ya maziwa, miembe imezama hadi kifuani. Rubani aliposhuka kidogo nikaona mistari ya mahindi chini ya maji, paa la dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, na mtu amesimama kwenye mtumbwi, hapigi kafi.

Kando yangu alikaa mzee wa Utete, anakwenda kwa mwanawe kungoja maji yashuke. "Pole, mzee wangu," nikamwambia. "Tumeshapoa, mwanangu. Unaonaje, yatashuka kabla ya Juni?"

Mpunga uliokwenda na maji alishauzika moyoni. Alikuwa anawaza mlao, kilimo cha baada ya mafuriko. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, watu wakapanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua. Unyevu wa udongo unatosha. Zamani walikaa humohumo bondeni, juu ya madungu, hadi Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipowapandisha kwenye vijiji vya nchi ya juu. Kuhama walishahama, Mhariri. Shamba ndilo halibebeki.

Sasa huko juu ya mto lipo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na umeme nautumia hata mimi. Likijaa, maji lazima yafunguliwe. Sibishi, na mvua za mwaka ule zilikuwa za El Niño. Ila tangazo la "hameni" peke yake halimsaidii mkulima. Aambiwe maji yanafunguliwa siku gani, yatafika mwembe upi, yatapunguzwa lini. Mwenye mpunga unaoanza kuiva akijua siku kumi kabla, ataingia na kisu avune kilichopo. Mwenye mlao atajua lini ashuke.

Tulipoagana uwanjani Kilwa, mzee alikuwa na mfuko mmoja tu wa rambo. Kunde za mbegu, kutoka Kariakoo.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam