Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2021: Tumewaaga Sam na Dean

Mabwana na mabibi, ndugu zangu wanachama, assalaam alaykum.

Mwaka huu tumemaliza kutazama Supernatural, tamthilia ya ndugu wawili, Sam na Dean, wanaowinda mizuka na mashetani. Mambo mengine ya chama nayapita mbio: hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, ada zimelipwa isipokuwa za wachache wanaojijua, na projekta imetiwa taa mpya. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kuaga.

Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 2005 na kumalizika tarehe 19 Novemba 2020, misimu 15, vipindi 327. Mtunzi wake, Eric Kripke, alikusudia misimu mitano tu. Korona ilisimamisha upigaji picha Machi 2020, vikiwa vimebaki vipindi viwili. Mwezi huohuo kwetu ikaingia kafyu, na vikao vyetu vya usiku vikakatika. Tuliahidiana hapa Lamu kwamba kipindi cha mwisho hatakitazama mtu peke yake mpaka tukae tena darini. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Miezi kumi na moja ya kuziba masikio! Najua ilivyowawia vigumu vijana wenye simu, na nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Wageni huniuliza watu wa mji wa vichochoro na punda wamependea nini hadithi ya ndugu wawili wanaoishi ndani ya gari. Jibu alilitoa zamani mwenzetu nahodha, aliposema ile Impala ya 1967 ndiyo jahazi lao. Wamelala humo, wamekula humo, wamegombana humo, na utotoni wakachonga humo herufi za majina yao. Mnakikumbuka kipindi cha mwisho cha msimu wa tano. Shetani amemwingia Sam, anampiga Dean ngumi juu ya ngumi, uso hautambulikani. Mara jua linang'aa kwenye gari, na Sam anakiona kiaskari cha plastiki alichokikwamisha mwenyewe kwenye kisahani cha majivu alipokuwa mtoto. Kwa kitu kidogo kama kile akili zake zikamrudia, mkono ukasita. Nimekitazama kipindi hicho mara nyingi kuliko vyote, na bado nikifika hapo hushika bega la aliye karibu nami.

Na chumvi. Bi mkubwa mwenye dari, siku ya kwanza alipowaona wale vijana wakimwaga mstari wa chumvi mlangoni kuzuia mizuka, aliuliza, "Wanangu, na ubani wao uko wapi?" Tangu siku hiyo hakukosa kikao, na chetezo akija nacho.

Yapo yaliyotutatiza, na sitaki taarifa iyafiche. Msimu wa mwisho ulimfanya yule Chuck, mwandishi wa vitabu ndani ya hadithi, kuwa Mungu na adui kwa pamoja. Wanachama wawili walijitenga kwa vipindi hivyo. Walikuwa na haki, na hakuna aliyewasema. Sisi tuliobaki tulikubaliana kumwita Chuck kwa jina lake na kumchukua kama mhusika wa kubuni, basi. Walirudi usiku wa mwisho, na nilifurahi mno kuwaona wakipanda ngazi.

Usiku ule upepo ulikuwa wa matlai, mwembamba, shuka letu la kuonyeshea picha halikupepea hata kidogo. Dean akafa ghalani baada ya kupambana na wanyonya damu, kwa nondo iliyotokeza kwenye nguzo. Baadhi yenu mlikasirika sana: aliyepambana na Shetani auliwe na chuma cha ghala? Nimelifikiria neno hilo kwa wiki kadhaa, na nasimama upande wa waandishi. Tumewajua manahodha waliovuka bahari kwa kusi na kaskazi, wakaja wakateleza gatini. Kilichonikaa mimi ni Dean kumwomba mdogo wake amwambie kwamba anaweza kwenda, na Sam, baada ya miaka yote ya kukataa kumwachia, akamwambia aende. Jensen Ackles na Jared Padalecki waliicheza sehemu hiyo wakiwa wamesimama, nyuso zimekaribiana, na darini petu hakuna aliyekohoa. Nahodha alivua kofia yake akaishika magotini mpaka Sam akazeeka, akafa, akamkuta nduguye darajani.

Limeletwa pendekezo la kuanza tamthilia nyingine mwezi ujao. Kamati imeomba tusubiri hadi baada ya Ramadhani, nami naliunga mkono ombi hilo. Lipo pia pendekezo la kurudia Supernatural kuanzia kipindi cha kwanza, na hilo tutalipigia kura leo, kabla ya chai. Flashi yenye vipindi vyote 327 iko kwa katibu. Shuka limefuliwa, limekunjwa, liko kwa Bi mkubwa, na linanukia ubani.