Swahiba, "papa" wetu sio "papa" wao

Swahiba wangu, mambo vipi,

Najua ile voisi yako ya dakika kumi na moja nimeikalia wiki nzima, nisamehe, sijakuchunia, ni kwamba kila nikianza kukujibu naishia kufungua kamusi nyingine, nikija kushtuka usiku umeisha. Leo nimekaa. Unasema Kiswahili lazima kina undugu na nusu ya dunia maana maneno yetu mafupi yako kila mahali, "na" iko Korea, "ni" iko China, "la" iko Ufaransa, "tu" iko Italia. Yako kweli, sikatai. Ila ungeuliza kwanza huko yaliko yanafanya kazi gani.

Chukua hiyo "na". Sisi tunaungia, mimi na wewe. Mkorea akisema "na" anajisema yeye mwenyewe, yaani mimi. Mrusi kwake ni juu ya, kitu kiko na meza maana yake kiko juu ya meza. Kwenye Pijini ya Nigeria inafanya kazi ya "ni" yetu, wanasema "na me", ni mimi hapa. Alafu hiyo "ni" yenyewe sasa, Mchina ni wewe, Mbaski, yule wa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, ni mimi, Mjapani ni mbili, Mdenmaki ni tisa. Waweke meza moja watu hao wagawane hela uone kama kikao kitaisha salama.

"Si" ndo imenichekesha zaidi. Sisi inakataa, Mhispania na Mtaliano inakubali, na yao inatoka kwenye Kilatini "sic", maana yake hivyo, kama mtu anayesema "hivyo hivyo". Mchina ukiandika kwa herufi hizi zetu, sauti ikishuka ni nne, ikizama kisha ikapanda ni kufa, na ndo maana kuna majengo hayana ghorofa ya nne, lifti inatoka tatu inakwenda tano kama vile hesabu imesahaulika.

Na hivi vineno vinaweza kukuponza kweli aisee. Kuna kipindi nlikuwa najifunza Kibulgaria kwenye simu, "ne" kwao ni hapana. Sasa kuna kazi nlikuwa naifanya na Mgiriki mmoja, tuko kwenye simu, nikamuuliza hili faili tunalibakisha, akajibu haraka haraka kwa lugha ya kwao "ne, ne". Mimi nikalifuta. Kumbe kwa Mgiriki "ne" ni ndiyo! Nchi zenyewe zimepakana, mpaka mmoja, upande huu ndiyo upande ule hapana. Na Mkorea naye "ne" yake ni ndiyo, wala hajawahi kukaa jirani na Mgiriki.

Sasa nije kwenye "papa" maana hapo ndo ulinipigia kelele sana kwamba letu na lao ni neno moja. Kwetu papa ni yule wa baharini mwenye meno. Amerika ya Kusini "papa" ni kiazi, na neno hilo ni la Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Andes, Wahispania wamelikuta huko huko na kiazi chake. Alafu hao hao Wahispania wana Papa mwingine, yule wa Roma, na huyo katoka Ugiriki, "pappas", neno la mtoto kumwita baba. Ukilitamka ukakazia mwisho, papá, ndo baba wa nyumbani. Kwa hiyo mtu anaweza kukuambia kwa Kihispania Papa anakula papa, akamaanisha kiongozi wa kanisa na viazi vyake, wewe mwenzangu na mimi tunaona samaki wanatafunana.

Mama na baba ni kesi nyingine kidogo. Hayo yanafanana dunia nzima na wala sio bahati tupu, ni mdomo wa mtoto. Mtoto anaanza na m, b, p, kwa sababu midomo kufunga na kufungua ndo kazi rahisi, mzazi akisikia "mamama" anaamini ameitwa yeye, basi neno linazaliwa. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha, aliandika kuhusu hilo. Ila nenda Georgia, ile nchi sio jimbo la Marekani, uone maajabu: "mama" ni baba, na mama ni "deda". Mtoto alitoa sauti, wakubwa ndo wakagawana.

Kwa nini yanagongana hivyo? Hesabu tu swahiba. Lugha duniani ziko kama 7,000, na sauti za mdomo sio nyingi. Kihawai kina konsonanti 8 na irabu 5, ukiunganisha moja moja unapata vijisilabi 40, na vyote lazima vipewe kazi. Neno likiwa fupi lazima ligongane na la mtu. Hata lisiwe fupi sana: kulikuwa na lugha ya wenyeji wa Australia, Kimbabaram, mbwa walimwita "dog", sawasawa na Mwingereza, na hawakuazimana. Limetoka kwenye neno la zamani refu lililokatikakatika mpaka likafika hapo lenyewe.

Undugu unatafutwa kwa mpangilio, sio kwa sura. Sisi tatu, Mzulu "thathu", sisi tuma, yeye "thuma", t yetu inakutana na th yake, tena na tena, hapo ndo unasema hawa ni damu moja. Na "tu" yako ya Italia ni kweli ina ndugu, "tu" ya Kilatini, "tu" ya Kihindi, "tu" ya Kilithuania, wote maana yao wewe. Ukoo upo. Ila "tu" yetu haimo, imesimama mlangoni tu.

Na usiende mbali, humu humu kwetu wamo wageni wamevaa nguo moja. "La" ya jina la mtu ni ya Kibantu, "la, sitaki" ni ya Mwarabu. "Basi" ya imetosha ni ya Mwajemi, basi la abiria ni kutoka "omnibus", Kilatini, maana yake kwa wote, jina walilopewa magari ya kukokotwa na farasi kule Nantes, Ufaransa, miaka ya 1820. Waingereza wakakata kichwa wakabaki na mkia, na huo mkia kwa Kilatini sio neno hata, ni kiambishi tu cha mwisho. Mamilioni ya watu kila asubuhi wanapanda kiambishi.

Nijibu, ila kwa maandishi tafadhali. Na kwenye ile safari yako ya Uhispania chunga mdomo, usije ukamwita mtu "kaka" kwa heshima, kwao hicho ni kinyesi. Uswidi hakuna neno, huko ni keki.

Ni mimi kaka yako (wa Kiswahili)