Salamu za shukrani kutoka Ujiji: baba yetu amerudi

Assalam aleikum ndugu, jamaa na majirani. Ni wiki ya pili sasa tangu tumzike baba hapa Ujiji na kwakweli tumeshindwa kupita mlango kwa mlango kushukuru, maana wengine mlitoka Kasulu, wengine Uvinza, wengine mlishuka na treni kutoka Tabora, kwahiyo naomba mpokee haya kwa niaba ya familia nzima.

Kwa ambao hawajui, baba aliondoka na mgambo mwishoni mwa 1978 kwenda vita vya Kagera, mimi nikiwa na miezi saba. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, wenzake wakarudi, yeye kimya. Mama hakukaa eda kwasababu hakuna aliyemwambia kafiwa. Na kuna watu wakasema katoroka, kaoa hukohuko Uganda. Mama kaishi na maneno hayo mpaka anaingia kaburini.

Alafu mkulima mmoja ng'ambo ya mto Kagera akawa anachimba shimo la mgomba, akakuta mifupa na soli za buti. Huyo mzee tumeongea nae kwa simu tu, ila ndo wa kwanza kushukuriwa, angeweza kufukia akapanda mgomba wake lakini aliweka jembe chini akaenda kumwita mwenyekiti wa kijiji. Na yule mzee aliyekuwa kikosi kimoja na baba, aliyekumbuka kwamba upande ule walifukia wenzao wawili usiku harakaharaka na mmoja alikuwa mtu wa Kigoma, Mungu akuzidishie umri baba.

Sasa mifupa ilikuwa ya watu wawili imechanganyika. Hapo ndo shangazi alipoingia. Wengi msibani mliuliza kwanini wataalamu wa kupima mifupa walichukua mate ya shangazi wakati sisi watoto wa kuzaa tupo. Tulivyoelezwa ni kwamba mfupa ukikaa ardhini miaka zaidi ya 40, DNA (vinasaba) ya kawaida inakatikakatika, ila ile ya maitokondria, yaani vile vijisehemu vya kutengeneza nguvu ndani ya seli, iko nyingi sana kwenye kila seli kwahiyo mara nyingi inasalia, na hiyo mtu anairithi kwa mama yake tu. Baba aliipata kwa bibi, shangazi nae kwa bibi, sisi tunayo ya mama yetu. Wakampitisha pamba ndani ya shavu, wakalinganisha na jino na mfupa wa paja. Wakasema hiyo peke yake haitoshi, watu wa uzao mmoja wa kukeni wote wanafanana kwa DNA hiyo, ndo shangazi akakumbuka kaka yake alianguka kwenye mwembe utotoni akavunjika mkono wa kushoto, ukaunga umepinda. Na mfupa ulikuwa umepinda kweli. Shangazi yetu, umri wote huo na macho hayaoni vizuri, wewe ndo umemleta kaka yako nyumbani.

Tunawashukuru maafande mliomsindikiza njia yote ile, Biharamulo, Kibondo, Kasulu, mpaka hapa. Masheikh mlituelekeza jinsi ya kuivisha mifupa sanda kwa heshima, sisi tulikuwa hatujui hata pa kuanzia. Vijana wa bodaboda mliochimba kaburi pembeni ya mama, akinamama wa mtaa mliolala jikoni siku tatu na masufuria ya wali na mgebuka, watu wa grupu la wasap mliochanga, hata aliyetuma elfu moja tumeiona. Na wale wachache mliokuja kuomba radhi kwa maneno ya zamani, tumepokea, yameisha.

Hitma ya arobaini itasomwa hapahapa nyumbani baada ya sala ya alasiri. Yule mwenzake aliyelala nae shimo moja miaka yote hiyo bado hajapata ndugu. Kama kwenu kuna mtu alienda Kagera hakurudi na dada yake bado yupo hai, tafadhali semeni mapema. Siku hiyo tutamsomea na yeye.