Usingoje Krismasi, mwanangu

Mwanangu,

Mwangaluka. Hapa nyumbani hatujambo. Bibi yako bado anakohoa kidogo usiku, ila mchana anaketi chini ya mwembe anamenya karanga za mbegu, na ukimwambia akapumzike anakasirika.

Nakuandikia kwa sababu yale tuliyoanza kuongea kwenye simu Jumapili hayakuisha. Ulisema, "Mama, umechoka, uza wale maksai, mashamba kodisha, hela ya kula nitatuma." Mara salio likaisha, nikabaki na simu mkononi. Najua ulisema kwa mapenzi, baba, na sina kinyongo. Lakini jibu langu halienei kwenye dakika za simu, ndiyo maana nimechukua daftari la mdogo wako na kukaa hapa jikoni kabla hapajapambazuka.

Maksai siuzi. Mashamba sikodishi. Nami nina ombi moja tu kwako: mwaka huu usije Krismasi, njoo Novemba.

Tangu upate kazi Dodoma umekuja nyumbani kila Krismasi, hukukosa hata moja, na Mungu akubariki kwa hilo. Lakini ukija Krismasi unakuta mahindi yamefika magotini, palizi la kwanza limekwisha, jogoo amechinjwa. Unakula, unalala, unasalimia wazee, unaondoka. Shamba unaliona limekwisha kuvaa. Miaka yote hii hujaliona likiwa tupu, na mambo ninayotaka kukuonyesha yanaonekana likiwa tupu.

Sasa ni mwanzo wa Oktoba. Mtu akipita na gari barabara ya Musoma atadhani huku hakuna kinachofanyika: nchi imekauka, ng'ombe mbavu nje, vumbi tu. Kumbe ndiyo miezi ya kazi zisizo na sifa. Masalia ya pamba tuling'oa na kuchoma kabla ya tarehe 15 Septemba kama sheria inavyotaka, ili wadudu wasipate pa kujificha wakingoja pamba mpya. Unakumbuka miti ya pamba ikikauka inavyochuna viganja. Kisha tukasomba samadi, mikokoteni kumi na minane, kutoka zizini hadi shamba la juu. Mdogo wako alipakia, mimi nikapakua na kutawanya. Mgongo uliuma siku mbili, ya tatu ukanyamaza.

Michembe tulimaliza mwishoni mwa Agosti. Mwaka huu viazi vitamu vilikubali sana. Wanawake wa jirani walikuja kwa zamu kama zamani, leo kwangu, kesho kwa mwenzangu: tukamenya, tukaviacha visinyae kidogo, tukavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya lile jabali kubwa ulilokuwa ukiteleza juu yake mpaka kaptula inatoboka. Jabali likishika joto, michembe inakauka juu na chini, haihitaji kugeuzwa mara kwa mara kama ile ya kuanika kwenye turubai. Tumepata magunia manne, na moja la matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza. Hilo la matobolwa nimeweka nia ni la mjukuu wangu. Alipokuja mara ya mwisho alikula na chai mpaka akalala na kipande mkononi, na tangu siku ile nikiyaona ninamwona yeye.

Sasa nikwambie jambo ambalo mwaka jana sikukwambia.

Ulituma hela ya trekta, nikashukuru, nikawaonyesha majirani ujumbe wa simu kwa furaha. Trekta likaja siku ambayo nilikuwa nimempeleka bibi yako zahanati. Dereva alikuwa na mashamba mengine ya kukimbilia kabla mvua haijaongezeka, na hapakuwa na mtu mzima wa kumwelekeza. Akanyoosha tu. Kule chini, upande wa mbuga, akapita juu ya mstari wa katani uliopandwa na babu yako, akaing'oa yote na kuifukia. Niliporudi jioni nikakuta shamba jeusi, zuri, limelala sawasawa, na mpaka haupo.

Dereva simlaumu, alifanya alichoambiwa, alime. Ila Machi iliyofuata vijana wa jirani yetu, waliorudi kutoka machimbo ya Geita, walipanda choroko hatua nne ndani ya kwetu. Nao siwalaumu sana, kwa sababu waliondoka wadogo, hawakuona katani ile. Baba yao ndiye aliyekuja na fimbo yake, akasimama pale, akawaambia, "Mmeingia kwa watu." Wakang'oa bila neno. Lakini mwanangu, mzee yule macho yamekwisha. Siku hizi mtu akimsalimia anauliza, "Wewe nani?" Ukimwacha bibi yako, wanaoujua mpaka ule kwa uhakika tumebaki wawili, yeye na mimi. Baba yako aliujua na amekwenda nao kaburini.

Kijiji sasa kinazungumza habari ya kupima mashamba ili watu wapate hati za kimila, zile zilizowekwa na sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999. Wakija kupima, majirani husimama mpakani na kukubaliana mbele ya mashahidi. Mimi naweza kusimama. Lakini nataka mimi na yule mzee tusimame pamoja nawe na wale vijana wake, mkiwa mnatazamana, kwa sababu ninyi ndio mtakaoishi na mpaka huo. Katani ikifukiwa, alama nyingine zipo. Kwenye kona, ukitoka kwenye mkwaju kuelekea jabali lenye ufa, babu yako alizika jiwe la kusagia lililovunjika, nusu yake. Aliyenionyesha ni bibi yako mwaka nilioolewa, tukichimba mihogo. Ukija, tutalifukua mimi na wewe, uliguse, kisha tulirudishe na kupanda katani mpya. Kwenye simu siwezi kukuelekeza mahali hapo. Nimejaribu kuandika hatua ngapi, nikafuta, maana hatua zangu za leo si zile za ujana.

Ndiyo maana wale maksai, Madoa na Kijivu, siwauzi. Baba yako aliwanunua wakiwa ndama kwa hela ya pamba, akawafundisha nira mwenyewe miaka miwili. Mwaka jana, baada ya trekta kupita, niliwafunga plau kwenda kurudia kipande cha mwisho kilichobaki na majani. Walipofika pale ilipokuwa katani, Madoa akageuka. Hapakuwa na mmea, hapakuwa na alama, na hakuna aliyemwambia. Amegeukia pale maisha yake yote. Nilisimama nikashika usukani wa plau, machozi yakanitoka mchana kweupe.

Lakini maksai wanataka watu watatu: wa kuongoza mbele, wa kuswaga pembeni, na wa kushika plau. Mimi na mdogo wako tu wawili. Kijana wa kulipwa anapatikana, ila Novemba kila mtu anamtaka, na anayelipa zaidi ndiye anayeanziwa. Wewe ukija tunakuwa watatu. Mtoto wako ataongoza mbele akiwa ameshikwa mkono. Hajaanza shule, hatakosa kitu.

Na nataka ushike udongo. Shamba la juu ni luseni, mchanga mwepesi, mvua ikinyesha leo kesho unalikatua, na hapo ndipo penye mihogo, karanga na viazi. Kule chini ni mbuga, udongo mweusi mzito. Mbuga ukiiwahi ni mawe, ukiichelewa ni gundi, siku zake za kulimika unaweza kuzihesabu kwa vidole. Baba yako alikuwa anaingiza kidole ardhini asubuhi baada ya mvua. Unyevu ukiishia kwenye kiungo cha kwanza, anarudi nyumbani kunywa uji. Ukifika mwisho wa kidole, anaita watu. Watu walimwona mzito, lakini mvua ya kwanza ya ngurumo imewaponza wengi. Wanapanda mahindi, jua linakaa wiki mbili, mbegu inaozea ndani au inachomoza na kukauka, na mbegu ya pili inataka hela tena. Mimi mwenyewe niliponzwa mwaka wa kwanza baada ya msiba. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba naweza. Kilo zote za mbegu zilikwenda.

Mahindi yakishaingia, inafuata pamba. Huku kwetu inapandwa kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Desemba, kwa kamba, na bwana shamba anataka sentimita 60 kwa 30. Zamani tulipanda kwa mazoea, mistari mipana, miche michache, na mavuno yakawa ya mistari mipana. Kupanda kwa kamba kunachosha kiuno, lakini nimeona tofauti kwa macho yangu. Habari za kuvuna, za kutenga pamba safi na fifi, za mizani ya chama cha msingi cha ushirika, hizo unazijua, kwa sababu ada zako za sekondari zilitoka humo.

Mpunga hautakuwa kazi yako. Kitalu tutamwaga Desemba, kupandikiza majarubani ni Januari na Februari, nawe utakuwa umerudi kazini. Kwa hilo nina wale wanawake wa michembe.

Mihogo imenitia moyo. Ile ya zamani iliyokuwa na ugonjwa wa batobato tumeing'oa yote, nikapanda pingili za mbegu ya Mkombozi. Majani yake hayajikunji. Miti bado midogo, na udaga wake, ile mihogo ya kuvundika na kukausha, tutausubiri mpaka mwakani, lakini kila jioni napita kuitazama kama mtu anayepita kumtazama mtoto aliyelala.

Na kule ziwani kuna kishamba cha marando ya viazi. Hiki nataka ukijue, kwa sababu bila hicho hakuna viazi, na bila viazi hakuna michembe. Kiangazi kinaua marando yote ya shamba la juu, kwa hiyo tunayahifadhi kwenye unyevu karibu na maji mpaka Februari tupate ya kupandia matutani. Cha zamani, kile ulichokuwa unamwagilia ukitoka shule, kilikwenda na maji ziwa lilipopanda mwaka 2020. Maji yalisogea kidogo kidogo. Wiki moja nilikuwa navuna majani ya mboga, wiki iliyofuata nikaona furu wadogo wanaogelea katikati ya tuta. Tulihemea marando kwa mama yako mdogo mwaka ule. Sasa kishamba nimekirudisha nyuma, mbali na ufuko, hata sheria ya mita 60 kutoka ziwani inataka hivyo. Kinachochosha ni ndoo. Kila jioni mdogo wako anapanda na kushuka mara kumi.

Nilikuwa huko juzi jioni. Kulikuwa hakuna mwezi, mitumbwi ya dagaa inatoka, taa zinawaka moja baada ya nyingine mpaka maji yote yakawa kama mji. Nilikaa muda mrefu. Nikakumbuka ulivyokuwa unaniuliza kama ile ndiyo Mwanza.

Mwanangu, sikwambii uache kazi. Kazi yako imetujengea choo, imeezeka bati, imemtibu bibi yako. Wala sisemi urudi kukaa hapa. Likizo yako ni siku 28 kwa mwaka, uliniambia mwenyewe. Omba nusu yake ianze katikati ya Novemba. Ukikataliwa, niambie mapema, nitamwomba mjomba wako asimame badala yako siku ya kulifukua jiwe, ingawa hatakuwa wewe.

Ukishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, usilale mjini. Panda gari la Nyamhongolo, pale unapata la Magu mpaka jioni. Lete tupa ya kunolea majembe, ya hapa imekwisha meno. Mtoto mletee viatu vya zamani na sweta, asubuhi ziwani ni baridi baada ya mvua. Mwambie kumbikumbi wataanza kutoka, bibi mkubwa ameshaandaa ungo. Mkeo msalimie sana, na kama kazi yake inamruhusu aje naye. Nitampa chumba chenye dirisha la mashariki.

Kijivu ameota kidonda kidogo shingoni palipogusana na nira. Nampaka dawa kila asubuhi na kumpumzisha. Mpaka utakapofika atakuwa amepona.

Ng'ombe wameanza kulia, ngoja niwafungulie.

Mama yako