Baiskeli ya umeme nzuri, ila ulizeni betri kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa baiskeli za umeme ambao wasomaji wenzangu wameuanzisha katika safu hii. Mmoja amezisifu kwamba zitatuokoa na bei ya petroli, mwingine kaziita midoli ya wenye pesa. Nahisi wote wawili hawajawahi kuifungua hata moja. Mimi kuzifungua ndiyo kazi yangu. Ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, kibanda changu kipo kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, na ninapoandika haya kuna tatu zimeegemea ukuta zinasubiri vipuri ambavyo sijui vitatoka wapi.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi za wazee wetu. Ardhi tambarare, mitaa imenyooka, na mtu akitoka Makorora kwenda bandarini hakuona haja ya kupanda gari. Lakini mji umetanuka. Anayeishi Pongwe au Mabokweni akiwa na shughuli mjini, umri ukishasogea, anaiegesha baiskeli yake ya Phoenix uani inaota kutu na kuanza kutoa nauli kila siku. Hao ndio ninaowaona wakirudi barabarani. Yupo mwalimu mmoja mstaafu ambaye nilidhani nimeshampoteza kama mteja. Siku moja nikamwona anaingia na baiskeli ya umeme aliyoletewa na mwanawe. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu. "Marahaba. Fundi, goti limekwisha lakini safari hazijaisha." Sasa anakwenda Chumbageni kuwaona wajukuu bila kumwomba mtu lifti.

Mwingine ni kijana anayechukua samaki soko la Deep Sea alfajiri, anafunga tenga nyuma kwa mipira ya tyubu na kwenda kuwauza mpaka Pongwe. Barabara ile inapanda taratibu. Ukiwa ndani ya basi hutajua, ila mwenye tenga nyuma anajua vizuri sana. Zamani alikuwa akifika anahema na samaki wameshalegea kwa jua. Siku hizi anakanyaga tu kidogo, mota inamalizia. Na mama mmoja anayesambaza mikate ya kumimina aliichagua ya kwake kwa sababu haina bomba la juu, fremu imeshuka chini, anapanda na baibui lake bila tabu na mnyororo umefunikwa haumli nguo.

Hesabu ya umeme nayo haina mjadala. Betri ya kawaida ya baiskeli hizi ni ya volti 36 na ampia-saa 10, yaani inaweza kutoa wati 360 kwa muda wa saa moja. Ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, ni kama uniti 0.4. Sisi wengi wa LUKU tarifa ya kawaida, shilingi elfu moja inatupa uniti zisizofika tatu, kwa hiyo kuijaza betri hiyo ni kama shilingi mia na hamsini. Inampeleka muuza samaki wangu Pongwe na kumrudisha. Mia na hamsini ya petroli haijazi hata kizibo. Umeme wenyewe sasa hivi haukatiki kama ule wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuwaka.

Basi tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba watu wananunua baiskeli, kumbe wanachonunua ni betri. Baiskeli yenyewe ni chuma, na chuma nitakunyooshea. Mnyororo ukikatika nitauunga, gololi zikisagika nitaweka nyingine. Betri ikifa, una baiskeli nzito kuliko uliyokuwa nayo mwanzo na haikusaidii kitu.

Zipo zile za bei rahisi ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zina umbo la pikipiki. Chini ya tandiko kuna betri nne za asidi za volti 12, kila moja kilo kama nne. Kilo kumi na sita za betri peke yake! Pedeli zimewekwa kama pambo, mikono yake mifupi, jaribu kuzikanyaga betri ikiwa imeisha uone. Betri hizo ukizitumia kila siku, mwaka au mwaka na nusu zimechoka. Muuzaji amekwambia inakwenda kilomita sitini. Alichokificha ni kwamba kilomita hizo ni za mtu mmoja mwembamba, barabara tupu, betri mpya, bila upepo. Weka abiria na mzigo, halafu kusi liwe linakupiga usoni, ukipata nusu yake shukuru.

Za lithiamu ni bora, nyepesi, na zikitunzwa zinachajiwa mara mia tano na zaidi kabla ya kuchoka. Ila nazo zina ukaidi wake. Ndani ya betri ya volti 36 kuna mafungu kumi ya seli ndogondogo yamepangwa mfululizo, na kuna kibao cha umeme kinachoyalinda. Fungu moja tu likidhoofika, kile kibao kinakata umeme wote, hata kama mengine tisa ni mazima. Mteja anakuja analalamika baiskeli inazima ghafla njiani, anadhani ni mota. Napima kwa mita, tisa yananisomea volti tatu nukta saba na la kumi linasoma mbili. Nikimwambia bei ya betri mpya, laki nne au zaidi, na mpaka iagizwe Dar, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiua.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Akishashindwa bei, anakwenda kwa mtu wa kuungaunga. Seli zinatolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa, zinachomelewa pamoja, zinazungushiwa solotepu, kibao cha ulinzi hakuna. Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo ikiwa bado ya moto mkononi na inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Harufu hiyo ni maji ya ndani ya seli yanavuja. Niliitoa nje mbio nikaifukia kwenye ndoo ya mchanga, na mwenyewe nikamuuliza alikuwa anaichajia wapi. Chumbani, chini ya kitanda, usiku, kwa chaja ya kuazima. Nyumba zetu za uswahilini zimeshikana ukuta kwa ukuta. Asidhani mtu naongeza chumvi: jijini New York, wenye magari ya zimamoto kila kona, mwaka 2023 pekee watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za lithiamu, na nyingi zilikuwa za baiskeli na skuta za umeme.

Sasa niwageukie wapenzi wa mtumba wa Kijapani. Baiskeli hizi ni nzuri kweli. Wajapani ndio walioanza mambo ya mota kumsaidia mpandaji, Yamaha wakatoa ya kwanza sokoni mwaka 1993, na ukiifungua unaona kazi ya watu wanaojali. Fremu imara, taa inawaka yenyewe giza likiingia, kikapu mbele, kiti cha mtoto nyuma. Tunazipokea kwenye makontena pamoja na zile za kawaida. Lakini ninazoletewa nyingi zimefika bila betri, au na betri iliyolala miaka. Na hata ikiwa nzima, chaja yake imetengenezwa kwa umeme wa Japani ambao ni volti 100. Wetu ni 230. Mtu anaifungua boksi kwa furaha, anachomeka ukutani, inatoa moshi mara moja. Chaja ya kwanza, ya mwisho.

Mteja mwerevu anasema haidhuru, fundi nifungie betri yoyote ya volti hizohizo. Haikubali. Baiskeli hizo betri na mota vinazungumza kwa waya zake maalumu, na mota isipoitambua betri haizunguki, inakuonyesha alama ya hitilafu tu. Kwa hiyo unabaki na baiskeli ya kilo karibu thelathini unayoikanyaga mwenyewe. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji hana kosa la kushtakiwa, kakuuzia baiskeli na baiskeli umeiona.

Na pancha? Mji huu una mbigiri, misumari na vioo. Gurudumu la nyuma lenye mota ndani yake halitoki kama la Phoenix. Kuna waya unaopita kwenye ekseli, kuna nati nene zinazotaka spana ya 18, na kuna washa za kuzuia ekseli isijizungushe. Ukizirudisha vibaya, siku mota ikivuta kwa nguvu ekseli inageuka na kuukata waya. Mimi sing'oi gurudumu. Nalaza baiskeli ubavu, nang'oa upande mmoja wa tairi, navuta tyubu nje, naziba nikiwa nimepiga magoti. Vijana wengi wa pembeni mwa barabara hawajui hilo, wanang'oa, na kesho yake nauona waya kwangu. Spoku za nyuma nazo zinakatika mapema kwa uzito, raba za breki zinaisha upesi, na hewa yetu ya chumvi inakula viungio vya waya mpaka vinageuka kijani. Dawa yake ni grisi kidogo kabla ya masika, wala si kazi ya kumlipia fundi.

Msomaji aliyelalamika kwamba hazina mlio amesema kweli, na sina la kuongeza isipokuwa hili: fungeni kengele. Watoto wa mitaa hii wamezoea kusikia bodaboda ndipo wakimbie.

Liko suala la sheria, na hapa naomba wakubwa wanisikie. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imefanyiwa marekebisho mengi, lakini mteja wangu akiniuliza kama hii yake ataikatia bima na kuifunga namba, sina cha kumjibu zaidi ya kukisia. Askari mmoja kijiweni kwetu alitazama ya mwalimu, akaizunguka mara mbili, akauliza, "Hii nayo ni pikipiki?" Aliuliza kwa adabu na akaondoka. Kesho anaweza kuja mwingine asiyeuliza. Nchi za Umoja wa Ulaya zimechora mstari unaoeleweka hata na fundi: mota isizidi wati 250, isaidie pale tu mtu anapokanyaga, na ikate msaada ikifika kilomita 25 kwa saa. Ikiwa ndani ya mstari huo ni baiskeli, basi, haidaiwi leseni wala namba. Tukichora mstari kama huo mwalimu wangu atapanda kwa amani, na wale vijana wanaovuta mkono wa mafuta bila kukanyaga, wamepakia mishikaki watu watatu, waendeshe kwa masharti ya pikipiki. Leo wote wawili wako kwenye fungu moja, na nachelea tutakapostuka tutawafungia wote.

Kuhusu kodi, wapo waliopendekeza zifutwe kabisa. Sipingi. Ila msamaha wa kodi uende pamoja na sharti kwamba anayeingiza baiskeli mia aingize na betri za akiba, chaja za volti zetu, na awe na mahali panapojulikana pa kuzipata. Na watu wa viwango wazipime betri bandarini kama wanavyopima bidhaa nyingine, kabla hazijafika kwangu zikiwa zimeshavuja.

Kwa wale wanaoniuliza kila siku ninunue nisinunue: kama safari yako ni ya kila siku, inajulikana umbali wake, na una mahali pa kuchaji mchana penye macho ya mtu, nunua. Muulize muuzaji betri mpya ya aina hiyohiyo ipo wapi hapa nchini na ni shilingi ngapi. Akianza kukuonyesha rangi na redio, ondoka.

Nimalizie na jambo linalonisumbua mwenyewe. Betri za asidi zikifa, wanunuzi wa chuma chakavu wanazigombania kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo. Za lithiamu hakuna anayezitaka. Ninazo kibandani, nimezitenganisha moja moja kwenye ndoo za mchanga nyuma ya ukuta, na zinaongezeka. Jalalani siwezi kuzitupa, najua watoto wanapekua kule na moto unachomwa. Msomaji yeyote anayejua mahali zinapopokelewa, Tanga au hata Dar es Salaam, naomba aandike katika safu hii.

Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga.