Pima maji na Inkishafi

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Kamwene, Mwalimu.

Barua yako niliipata Alhamisi kwa yule kijana wa basi. Bahasha imelowa kona moja lakini maandishi yamesalimika. Huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi milima haionekani mpaka saa nne, na maji ya kuchanganyia zege yanauma vidole kama siafu. Shemeji yako anakusalimu, na anasema ile ahadi ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni bado anaikumbuka vizuri tu.

Sasa hilo swali lako. Unasema umewapa vijana wako wa kidato cha sita swali kuhusu Inkishafi, ule utenzi wa kale wa Kiswahili: "Kifo ni msawazishaji wa wote. Jadili kwa kurejelea Inkishafi." Karibu wote wamekuletea jibu lilelile: tajiri atakufa, maskini atakufa, kwa hiyo wote sawa, ukurasa mmoja na nusu, kwisha. Ukaniuliza mimi, niliyekuwa nakushinda kwenye ushairi kabla sijashika mwiko wa uashi, ningejibu nini. (Kwenye sarufi ulinishinda, hilo sikatai.)

Ngoja nianze na kaburi, ndiyo kazi ninayoijua siku hizi.

Mwaka juzi, masika yakiwa ukingoni, niliitwa upande wa Rungwe kumjengea kaburi mzee mmoja mwenye malori. Unaijua desturi ya kule, mtu anazikwa kwake, kando ya migomba. Wiki hiyohiyo alikuwa amezikwa mzee mwingine, jirani, ambaye miaka mingi alikuwa akimlimia huyo mwenye malori. Kati ya makaburi yao ni hatua kama thelathini na mstari mmoja wa mikahawa. Vijana waliochimba ni walewale, na kile kijiti walichokata kupimia jeneza la kwanza walikuwa wamekiegemeza kwenye mgomba, wakakichukua tena kwa jeneza la pili. Hakikutosha. Jeneza la mwenye malori lilikuwa pana, lina vishikio vya kung'aa pande zote, ikabidi waongeze karibu shubiri nzima kila upande. Kwa hiyo hata shimo, Mwalimu, halikulingana.

Mimi nilifika baada ya mazishi. Nikawaambia wenye msiba: udongo uliofukuliwa bado haujakaa, subirini miezi sita hivi, mvua ishindilie, ndipo tujenge. Mtoto mkubwa akasema haiwezekani, siku ya kuweka msalaba wanakuja wageni kutoka Dar es Salaam, kaburi lazima lionekane. Nilipaswa kukataa. Sikukataa, maana ada za watoto zilikuwa zinanisubiri. Nikamwaga jamvi la zege, nikapanga kozi tatu, yaani safu tatu, za tofali za kuchoma. Mtoto wa pili akaja, akatazama, akasema ongeza moja. Kwa nini? Kwa sababu la baba mdogo lina kozi tatu. Nikaongeza. Juu nikaweka marumaru nyeusi, nikapiga grauti, nikafuta kwa kitambaa mpaka ukijiinamia unaona uso wako. Nikalaza pima maji, kipovu kikatulia katikati ya mistari yake miwili. Nikawaita waje waone. Ni ufundi, siyo majivuno.

Mwaka huu mwezi wa tatu wakanipigia simu. Kaburi limelala. Nikaenda na pima maji ileile. Nilipoiweka tu, kipovu kikakimbilia upande wa miguuni kikagoma kurudi. Kichwani pamebonyea vidole vinne, marumaru mbili zimepasuka, na kwenye ufa kumeota majani. Nikavuka ile mikahawa kwenda kulitazama la yule mzee mwingine. Lake nalo lilikuwa limezama, huenda kuliko hilo la kwanza, ila tuta la udongo halina cha kupasuka. Limeshuka taratibu mpaka limekuwa sawa na shamba. Bila ule msalaba wa mbao ningelikanyaga. Pembeni mjukuu ameshapanda maboga.

Nilirudi nyumbani nikaitafuta Inkishafi yangu. Nikasoma usiku, blanketi begani.

Wanafunzi wako wasikimbilie neno "wote". Wamwangalie kwanza mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, amesimama wapi. Amesimama kwenye magofu ya Pate, mji wa kale wa kisiwani huko Lamu, anaongea na moyo wake mwenyewe, na macho yake yako kwenye vyombo. Anakuonyesha nyumba zilizowaka kwa taa za kowa na za sufuri, yaani za kioo na za shaba, usiku wao ukawa "kama nahari", yaani kama mchana. Anakuonyesha vyombo vya Sini, yaani vya Uchina, vilivyoteuliwa kimoja kimoja. Halafu anazima taa:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Daka ni kile kishubaka ukutani. Mimi nikiwa fundi nakuambia, kujenga ukuta wenye madaka yaliyopangana ni kazi ya miezi, na mwenye nyumba lazima awe na pesa ya kulisha mafundi muda wote huo. Kila daka lilipimwa kwa sahani yake. Sasa limemtosha kinda la ndege. Mshairi hasemi kwamba tajiri amekuwa sawa na maskini. Anasema daka limepata mpangaji mwingine. Juu darini, "makinda ya popo iyu wengeme", yaani yananing'inia juu, na ndani "husikii hisi wala ukeme", si sauti wala ukelele. Haki ya nani, pale nilifunga kitabu kidogo.

Na maskini yuko wapi? Waulize hivyo darasani uone watakavyotazamana. Katika beti hizo za majumba maskini hana daka, hana taa ya kuzimika, popo hana cha kurithi kwake. Akionekana ni mtumishi, au wale waimbaji wanaomtumbuiza bwana mpaka usingizi umchukue. Bwana anapokufa tunaulizwa yuko wapi bwana, wako wapi wakubwa wa Pate, na mshairi anawataja kwa majina, wa ukoo wake wakiwamo. Yule aliyekuwa akitumbuiza hakuna anayemwuliza. Amekufa naye, bila shaka, lakini kufa kwake hakukuacha gofu.

Ila mbele zaidi, shairi linapofika siku ya hukumu, anatokea mtu ambaye wanafunzi wako wamemruka wote: madhulumu, yule aliyeonewa. Amesimama anadai haki yake kwa aliyemdhulumu. Hapo ndipo ningewauliza swali la pili. Kama kifo kingekuwa kimeshasawazisha, huyu anadai nini tena? Wote wawili wameshakufa, wameshaoza, na deni bado liko palepale halijapungua senti. Mimi naona Sayyid Abdallah hajawahi kukipa kifo kazi hiyo. Kifo kwake kinavua tu, kinamvua mtu taa, sahani, mto wa kuegemea. Kusawazisha amemwachia mwenye kuhukumu. Unaweza kunipinga, lakini unipinge kwa beti, usinipinge kwa mwongozo wa kusahihishia.

Kuna sehemu moja tu ambapo namwona akisawazisha mwenyewe, tena kwa mkono wake, nayo imo kwenye vina. Soma mstari wa nne wa kila ubeti. Mistari mitatu ya mwanzo inabadilisha vina jinsi inavyotaka, ubeti huu una vyake, ule una vyake. Wa nne hauna ruhusa. Fahari ya wakwasi: "haiba na jaha iwazingiye." Mapambo ya Sini: "katika mapambo yanawiriye." Utando wa buibui: "zitanda matandu walitandiye." Taa ikiwaka ni -ye, popo akining'inia ni -ye. Unaweza kupanda na tajiri mpaka juu ya kitanda chake cha kunakshiwa, na ukifika mwisho wa ubeti unashukia silabi ileile. Hiyo ndiyo pima maji yake. Nilisoma kwa sauti, yule mdogo wangu wa mwisho, ambaye hajui hata neno moja la Kiamu, lahaja ya Lamu, akaanza kuitikia kutoka chumbani: ye!

Wewe uko Iringa, mifano imekuzunguka, usiwafungie vijana Pate tu. Unakumbuka tulivyopelekwa Kalenga, ukasimama mbele ya lile sanduku la kioo lenye fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ukakataa kuondoka mpaka mwalimu akakushika mkono? Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe. Kama kifo kingekuwa kinasawazisha, mambo yangeishia hapo. Badala yake kiwiliwili kikabaki Mlambalasi, kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, fuvu likaandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi 1954. Miaka 56 mtu mmoja yuko sehemu mbili! Waliomkata walijua vizuri kwamba mkubwa akifa bado ni mkubwa, ndiyo maana hawakumwacha azikwe mzima.

Na hapohapo mjini, yale makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wapeleke, ni bure, na fundi kama mimi anapapenda maana mawe yamenyooka hasa. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba jiwe la ofisa na la askari wa kawaida yawe na umbo moja na kimo kimoja, bila kujali cheo. Ukiishia hapo unaweza kuandika insha nzuri sana kuhusu usawa. Kisha waambie wahesabu wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wale waliobeba risasi na vyakula vichwani kupita milima hii hii, wakafa kwa kuhara, njaa na homa, wengi mno katika Afrika Mashariki hawakupewa jiwe wala jina. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi hayo ilikiri na kuomba radhi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema baba yake "alikwenda na mzigo." Hakuongeza neno, na sisi watoto tulidhani ni biashara.

Nimeandika mengi, mkono umekufa ganzi na umeme umeshakatika mara mbili. Kwa hiyo, swali lako lisimame lakini toa hiyo nukta. Weka alama ya kuuliza: "Je, kifo ni msawazishaji wa wote?" Utaona watakavyohangaika. Atakayekuletea habari ya -ye mpe alama zote, hata kama mwandiko wake ni wa kuku.

Alhamisi naenda Rungwe kubomoa kozi ile ya nne. Wamekubali, ila mtoto wa pili ameniomba tukipanga upya nisitoe marumaru, nishushe tofali tu. Safari hii nitashindilia na changarawe kwanza, na sitadai pesa ya ufundi kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nimepanga pia nikimaliza nimpelekee yule mjukuu mabaki ya saruji, kama nusu mfuko, ausimike ule msalaba wa babu yake, maana chini umeanza kuliwa na mchwa.

Ukipata gari nitumie nakala ya Inkishafi yenye fasili ya maneno. Yangu kurasa za katikati zimeng'oka, na ile sehemu ya madhulumu naisoma kwa kukumbuka. Na vitunguu, tafadhali. Huyu mama hanipi amani.

Wasalimie nyumbani, na mwambie mwanao wa kike kwamba ngazi aliyoniomba ya dari naifikiria.

Ni mimi,
Fundi wako