Sauti ya baba: barua kwa Zuhura

Plymouth, 14 Machi

Mpenzi Zuhura,

Assalam aleikum. Waraka wako umefika, na nimefurahi mno kusikia kikundi chenu kimekubaliwa kuingia gereza la Shimo la Tewa kuwarekodi wafungwa wakiwasimulia watoto wao hadithi. Umeniuliza muanzie wapi na wale akina baba. Muanzie nyumbani kwa mtoto. Mlezi, awe mama, nyanya au shangazi, ndiye mwenye mlango. Asiporidhia, kazi yenu yote itaishia kabatini. Mpigieni simu mumuulize kama yuko radhi, mtoto ameambiwa baba yuko wapi, na nyumbani anaitwa jina gani. Hilo la katikati ndilo huharibu mambo. Mtoto aliyeambiwa baba yuko kazini Uarabuni, kisha akasikia neno "jela" kwenye rekodi, hatamwamini tena mlezi wake. Na baba aliyefungwa kwa kumdhuru mtoto, au aliyekatazwa na korti kumkaribia, haingii katika mpango huu. Hapo msikubali kubembelezwa.

Huku Uingereza shirika la Storybook Dads lina zaidi ya miaka 20 likirekodi hadithi magerezani. Baba husoma kitabu cha watoto, wafungwa waliofunzwa hukata makosa kwa kompyuta na kutia milio ya wanyama na muziki, kisha rekodi hupelekwa kwa mtoto. Asiyejua kusoma husomewa sentensi moja moja, naye huirudia. Sauti ya msaidizi hukatwa, ikabaki ya baba tu.

Nyinyi hata kitabu si lazima. Kisa cha Sungura na Fisi anachokijua tangu utotoni kinatosha, dakika tano hadi nane. Amtaje mtoto kwa jina lake la nyumbani, aseme "Paukwa!", kisha anyamaze na kuhesabu tatu moyoni. Kimya hicho ni cha mtoto kuitikia "Pakawa!" Wengi hukiruka kwa wasiwasi, basi mmoja wenu akae mbele yake amhesabie kwa vidole.

Kwa kurekodi, simu sahauni. Tumieni kinasa sauti kidogo kisichoingia intaneti, kiandikishwe langoni mkiingia na mkitoka. Kikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, maana P na B zikipuliza moja kwa moja hutoa kishindo. Chumba chenye mwangwi kitundikieni mablanketi. Mvua ikipiga mabati, ahirisheni. Kelele ile haiondoki. Rekodini pia sekunde kumi za chumba kikiwa kimya, mzibie pale mtakapokata. Akilemewa na machozi, zimeni, apumue, aanze tena pale alipoachia.

Jambo moja naliogopa kuliko yote: ahadi. "Nitarudi karibuni" isibaki kwenye rekodi. Rufaa inaweza kukataliwa, na mtoto atakuwa amehesabu siku. Aseme analolijua leo, kwamba anampenda na anamkumbuka.

Kila mtoto apate rekodi yake, hata wakiwa ndugu watano. Ya dakika nane ikihifadhiwa mono (mkondo mmoja wa sauti) kwa kilobiti 64 kwa sekunde haizidi MB 4, inapita WhatsApp bila taabu. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mpeni kwenye memori kadi.

Kati ya rekodi moja na nyingine ziwepo barua, moja kila mwezi. Tatu kwa mpigo kisha kimya cha nusu mwaka humuumiza mtoto kuliko kukosa kabisa. Baba aulize swali linalojibika: "Darasani umekaa na nani?" Akiuliza "Unasoma vizuri?" ataletewa "ndiyo" tu. Tieni ndani bahasha ya jibu yenye stempu. Barua husomwa na maafisa, kwa hiyo habari za kesi zisiingie.

Mkuu wa gereza akisita, mtajieni Kanuni za Mandela za 2015, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, namba 58 na 106, na kifungu cha 19 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mwambieni pia kwamba ripoti ya Lord Farmer ya 2017, aliyoiandikia serikali ya Uingereza kuhusu wafungwa na familia zao, ilitaja utafiti wa hapa: kwa wafungwa waliotembelewa na familia, uwezekano wa kurudia makosa ulikuwa chini kwa asilimia 39 kuliko kwa wasiotembelewa. Hoja hiyo maafisa huisikiliza.

Kwa kukata sauti, programu ya kompyuta iitwayo Audacity ni ya bure na inatosha. Niandikie kompyuta yenu ni ya aina gani, nikutumie maelekezo ya kuiweka.

Wasalaam,
Rukia